Gundi, Vumbi na Dawa ya Nguzo

Kiwandani tuliogopa msumeno. Kila mmoja wetu alimjua mtu aliyekatwa kidole, na kijana akiajiriwa, jambo la kwanza kuonyeshwa lilikuwa namna ya kusukuma ubao bila mkono kukaribia meno ya mashine. Gundi hakuna aliyeiogopa. Vumbi ndiyo kabisa. Tulilipangusa usoni kwa kiganja tukaendelea na kazi. Leo, baada ya miaka mingi ya utabibu katika wilaya ileile ya Mufindi, nikiwakumbuka watu wa mbao waliopita mikononi mwangu, walioumizwa na msumeno ni wachache na wengi wao walipona. Walioumizwa na gundi, vumbi na dawa ya nguzo ndio wanaonikosesha usingizi.

Nilimaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya 2000, matokeo hayakunifikisha mbali, na kijana wa Mufindi akikwama hukimbilia kwenye mbao. Tumezungukwa nazo. Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, limefunika vilima vyetu kwa misindano, na kando yake iko milingoti ya watu binafsi inayosubiri kuwa nguzo za umeme. Kiwanda nilichoingia kilitengeneza plaiwudi. Sitakitaja, kwa sababu niliyoyaona pale nimeyakuta baadaye kwa wagonjwa waliotoka viwanda vingine, na sitaki msomaji adhani ubaya huu uko mahali pamoja tu.

Plaiwudi hutengenezwa hivi. Gogo hulainishwa, kisha hufungwa kwenye mashine inayolizungusha na kulimenya mfululizo mpaka litoe utepe mpana wa mbao nyembamba tunaouita vinia. Vinia hukatwa, hukaushwa, hupitishwa katikati ya rola zinazopaka gundi, halafu hupangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi za tabaka moja zikikingamana na za lingine. Rundo zima huingia kwenye presi, mashine ya sahani nzito za chuma zenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Gundi yetu ilikuwa uji mweupe wa yuria-fomaldehaidi, na joto ndilo linaloigandisha. Lakini si fomaldehaidi yote inayoshikana na yuria. Inayobaki hutoka ikiwa gesi, na presi ikifunguka, gesi hiyo humpiga usoni yule anayetoa mbao. Mimi nilikuwa mmoja wa watoaji.

Asiyeijua Mufindi aelewe kwanza baridi yake. Juni na Julai ukungu hushuka mpaka mlangoni, na maji ya ndoo hutia vidole ganzi. Mahali pa joto katika kiwanda chote palikuwa mbele ya presi, kwa hiyo zamu ya usiku ya pale iligombewa. Milango mikubwa ilifungwa ili baridi isiingie. Ukutani kulikuwa na feni ya kutoa hewa chafu nje, nayo msimamizi aliizima kwa sababu ilitoa na joto, na sisi tukamshukuru. Usiku kucha tuliivuta hewa ileile.

Wiki ya kwanza macho yalichonyota, machozi yalitoka bila kilio, na koo likakwaruza mpaka chakula kikawa taabu kumeza. "Vumilia dogo, utazoea," aliniambia fundi wa presi, mtu mpole aliyenizidi miaka kumi na ushee. Na kweli nilizoea. Pua ikikaa na harufu moja kwa muda mrefu huacha kuisikia, ilhali gesi iko palepale na inaendelea kuunguza utando wa pua, koo na mirija ya hewa. Karani wa ofisini akija kuhesabu mbao alitoka mbio akifuta machozi, nasi tukamcheka. Lakini yule karani ndiye aliyekuwa na kipimo sahihi kuliko sisi sote. Nawaambia wasimamizi wa viwanda mpaka leo: kama huna chombo cha kupimia hewa, mwite mtu kutoka nje ya karakana. Akitokwa machozi, usiwaulize waliomo ndani kama wanasikia kitu.

Kisha kulikuwa na maziwa. Kila zamu ilipewa pakiti za maziwa, na manung'uniko pekee niliyowahi kuyasikia kuhusu afya zetu yalitokea siku maziwa yalipochelewa. Imani hii iko kila mahali: kwa wachomeleaji, kwa wapaka rangi, kwa wanaopulizia viuatilifu mashambani, hata kwa wafagia barabara. Inasemekana maziwa huondoa sumu. Mwajiri mmoja alikuja kituoni kwangu akitaka nimwandikie barua ya kuthibitisha kwamba maziwa anayowapa watu wake yanatosha kuwakinga. Sikuiandika. Maziwa huenda tumboni. Gesi na vumbi huenda mapafuni, na hakuna mahali humo mwilini ambapo maziwa yatavikuta na kuvisafisha. Ni chakula kizuri, na kibarua anayelipwa ujira mdogo anastahili chakula kizuri. Ila pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko feni inayofanya kazi, na kwa miaka mingi imetumika kuwanyamazisha watu.

Niliacha kiwanda nilipopata nafasi ya kusomea utabibu. Siku moja tulipelekwa mochwari kwa mafunzo. Wenzangu walisita mlangoni wakiziba pua. Mimi niliingia, nikavuta pumzi, na kilichonishtua hakikuwa maiti: ilikuwa harufu ya presi. Nilikuwa nimekaa mbali nayo muda wa kutosha pua yangu kuisikia upya. Mkufunzi alieleza kuwa ile ni fomalini, yaani fomaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji, na kwamba huzuia mwili usioze kwa sababu huzikaza protini zake. Nikamwuliza inafanya nini kwa mtu aliye hai. Alininyooshea kidole madirishani: yalikuwa wavu mtupu, bila kioo hata kimoja, na juu yetu feni zilizunguka. "Unadhani haya yamewekwa kwa ajili ya marehemu?" aliniuliza.

Nikaanza kusoma. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo ushahidi umetosha kuonyesha kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani iliyotajwa hapo ni ya sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua. Baadaye ikaongezwa ile ya damu. Vumbi la mbao lilikuwa limeshaingizwa katika kundi hilohilo tangu mwaka 1995. Si kwamba kila anayelivuta ataugua, la hasha. Lakini hatari huongezeka kadiri vumbi linavyozidi na miaka inavyozidi, na sisi tulikuwa na vumbi jingi na miaka mingi mbele yetu.

Habari ya vumbi na saratani ina chanzo ambacho ningependa kila tabibu wa Tanzania akijue. Mji wa High Wycombe, Uingereza, ulikuwa mji wa watengeneza viti. Miaka ya 1960 daktari wa pua na koo aitwaye Esme Hadfield aliona kwamba aina moja ya saratani ya ndani ya pua, ugonjwa ambao ni nadra mno, ilikuwa inamjia mara kwa mara, na waliokuwa nayo walikuwa mafundi samani. Yeye na wenzake, akiwemo Donald Acheson, walichapisha ushahidi wao mwaka 1968, na mwaka uliofuata ugonjwa huo ukaingizwa katika orodha ya magonjwa ya kazini yanayolipiwa fidia nchini humo. Wengi wa mafundi wale walikuwa wameanza kulivuta vumbi hilo miongo mitatu au minne kabla ya kuugua. Kisa hiki hakikuhitaji mashine kubwa kukigundua. Kilihitaji daktari anayemwuliza mgonjwa kazi yake, akaandika jibu, akakumbuka majibu yaliyotangulia.

Vumbi la High Wycombe lilikuwa hasa la mbao ngumu, na mafundi samani wetu nao wanachonga mninga, mkongo na mvule. Misindano ni mbao laini, lakini vumbi lake nalo huwasha pumu na kikohozi. Mwaka 2002 mtafiti Larama Rongo na wenzake walichapisha utafiti juu ya karakana ndogo za mbao hapa Tanzania, na walikuta kuwa wafanyakazi wa mbao wanasumbuliwa na matatizo ya kifua zaidi ya watu wasiofanya kazi hiyo. Nenda karakana yoyote saa ya kufunga kazi utaona mojawapo ya sababu. Fundi anachukua bomba la kompresa anajipuliza kuanzia kichwani hadi miguuni, vumbi la siku nzima linapaa, na wenzake wanaosubiri zamu yao ya kujipuliza wanalivuta. Halafu mwanafunzi wa ufundi anafagia sakafu kavu. Vumbi baya zaidi ni lile la mashine ya msasa, jembamba kiasi kwamba huliona mpaka mwanga wa jua upenye dirishani, na ndilo linalofika mbali kifuani. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hulizuia kidogo tu. Gesi ya gundi hakiizuii hata kidogo. Hiyo huhitaji barakoa yenye kichujio cha mkaa maalumu, na kabla ya barakoa huhitaji hewa itolewe pale inapotokea.

Yule fundi wa presi alikuja kituoni kwangu mwaka wangu wa pili au wa tatu kazini. Sikumtambua mara moja, alivyokuwa amekonda. Alikuwa na kikohozi cha muda mrefu na kifua kilichopiga filimbi usiku. Alikuwa ameshakunywa dawa za kifua kikuu zote, miezi sita, kwa uaminifu, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vimelea. Kadi yake ilijaa maandishi ya watabibu mbalimbali: anavuta sigara au havuti, kwao kuna mwenye TB au hakuna, amepima virusi au hajapima. Hakuna mahali palipoandikwa kazi yake. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliandika kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700, na humo akawasihi madaktari waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Miaka 300 imepita, na kadi zetu bado hazina nafasi ya jibu.

"Kaka," nilimwuliza, "ukienda likizo kijijini, kifua kinakuwaje?"

"Kule ninapona kabisa, daktari," alijibu. "Nadhani ni maji ya kule. Nikirudi kazini siku ya pili tu, kinabana."

Jibu hilo lina thamani kuliko vipimo vingi. Pumu ya kazini hujitambulisha hivyo: mtu hupata nafuu akiwa mbali na kazi, hubanwa akirudi. Nilimpa rufaa, ugonjwa ukathibitishwa, nikaandika barua ahamishwe kutoka kwenye presi. Wakamhamishia uwanjani kupanga mbao na akaanza kupumua vizuri. Kisha fundi aliyechukua nafasi yake akaharibu mzigo mmoja, na mgonjwa wangu akaombwa arudi "kwa muda tu". Ana watoto wa kusomesha, alirudi. Alipokuja tena mirija yake ilikuwa imeshakakamaa kiasi kwamba hata miezi mitatu ya kijijini haikumrudishia pumzi yake ya zamani.

Nguzo zina ubaya wa aina nyingine. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimetoka Iringa na Njombe kwa malori yasiyohesabika, na umeme umefika vijijini ambako mtoto alisoma kwa kibatari. Kituo changu chenyewe kina friji ya chanjo kwa sababu ya nguzo hizo. Sisemi zisitiwe dawa; mlingoti mtupu ukiuchimbia ardhini hapa kwetu, mchwa na ukungu huumaliza upesi. Dawa inayotumika sana ni ile inayoacha rangi ya kijani, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Shaba huua ukungu, aseniki huua mchwa, kromiamu huvishikiza vyote kwenye mbao. Nguzo huingizwa katika tangi refu la chuma, hewa hunyonywa, kisha dawa husukumwa ndani kwa shinikizo.

Tatizo ni nguzo inapotoka kwenye tangi. Dawa bado haijashika. Huchukua siku nyingi, na pengine wiki, mpaka kromiamu ibadilike na kutulia ndani ya mbao, na baridi huchelewesha jambo hilo zaidi. Lori likiwa linangoja, nguzo huondoka zingali mbichi, na vibarua huzisukuma na kuzipanga kwa mikono mitupu au kwa glavu za kitambaa zilizolowa, ambazo ni mbaya kuliko mikono mitupu kwa kuwa huishikilia dawa kwenye ngozi kutwa nzima. Kijana mmoja aliweka viganja vyake mezani kwangu na nikaona vidonda vidogo vya mviringo, vyenye kina, kingo zake ngumu, kama vilivyotobolewa kwa msumari. Ni kromiamu hiyo. Nikamulika puani: ukuta wa katikati ulikuwa umeanza kutoboka, naye hakuwa akisikia maumivu yoyote. Aseniki yenyewe haina haraka. Huanza kwa madoa na sugu ndogondogo za viganjani na nyayoni, na baada ya miaka inaweza kuleta saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu.

Na haibaki kiwandani. Ovaroli hufuliwa nyumbani, kwa mikono ya mke, katika beseni linaloogeshea mtoto. Vipande vya nguzo na mbao za dawa hubebwa jioni kuwa kuni, kwa sababu ni vikavu na ni vya bure na baridi ni kali. Hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Moto hauchomi aseniki ikaisha. Sehemu yake hupanda na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika juu ya familia ya jimbo la Wisconsin iliyougua kila msimu wa baridi, nywele zikiwanyonyoka, mpaka ilipogundulika kwamba jiko la kupasha nyumba joto lilikuwa likichoma mabaki ya mbao za namna hiyo. Sisi tunafanya zaidi ya kuota moto. Tunachanganya majivu na maharage na mahindi ghalani ili yasibunguliwe, tunayamwaga kwenye bustani ya mboga, na maranda tunayatandika bandani mwa kuku. Majivu ya mlingoti mtupu hayana neno. Majivu ya mbao ya kijani ni sumu unayoihifadhi pamoja na chakula.

Nimebakiwa na mzee mmoja wa kumtaja. Alikuja na pua iliyoziba upande mmoja tu, miezi mingi, ikitoka damu kidogo asubuhi. Alikuwa amepewa dawa za mafua mara nyingi. Nilipomwuliza kazi aliyoifanya, alisema amechonga na kupiga msasa samani tangu ujana wake, mijini na viwandani, mpaka mgongo ulipokataa. Nilimpeleka mbele, na safari yake ikaishia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye mfupa wa jicho. Alifariki mwaka huohuo. Wanawe walinijia kuuliza habari ya fidia. Nikawauliza uthibitisho wa ajira za baba yao. Walikuwa na kofia ya kazi na picha moja ya zamani, wanaume wamesimama mbele ya rundo la mbao. Mkataba haukuwepo, alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku maisha yake yote. Kiwanda cha mwisho kilikuwa kimebadili mmiliki, na daftari la malipo hakuna aliyejua liliko.

Hapo ndipo nilipoona uonevu mkubwa uliko. Saratani ya namna hii huweza kukaa miaka 30 ndipo ijitokeze, na ajira ya kibarua haimwachii hata karatasi. Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baadaye. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na mchango wake hutolewa na mwajiri; mfanyakazi hakatwi hata senti. Lakini mfuko haulipi picha na kofia. Unalipa ugonjwa uliothibitishwa, kwa mtu aliyethibitika kufanya kazi fulani mahali fulani.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi ya mbao, au una mwana au mume anayeifanya, chukua daftari leo. Andika jina la kiwanda, mwezi ulioanza, kazi uliyopewa, na jina la kemikali kama lilivyoandikwa kwenye pipa. Kama una simu, lipige picha pipa lenyewe. Dai kupimwa kifua unapoingia na unapoondoka, na uombe nakala ya majibu. Badili nguo kiwandani kabla ya kwenda nyumbani. Usichome mbao ya kijani. Pua ikiziba upande mmoja na kutoa damu kwa wiki kadhaa, usikubali dawa ya mafua bila kuchunguzwa ndani. Nanyi watabibu wenzangu, andikeni kazi ya mgonjwa kwenye kadi, hata kama kadi haina nafasi yake. Andikeni pembeni.